Kulala katika hoteli ndogo ya kifahari ya kizamani Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi mapokezini katika hoteli za namna hii kwa miaka mingi, na simu za jamaa na marafiki haziishi: mmoja anataka kumpeleka mama yake, mwingine anafunga ndoa, mwingine amechoka tu na anataka kulala mahali penye utulivu katikati ya jiji hili lenye makelele. Nimeyajibu maswali yao hapa jinsi ninavyoyajibu kwenye simu.

Hoteli ndogo ya kizamani ni ipi hasa?

Ni hoteli yenye vyumba vichache, kumi na kitu au ishirini na kitu, ambayo mara nyingi ilijengwa kama nyumba ya mtu kabla ya kugeuzwa hoteli. Utaitambua kwa kuta za mawe ya kijivu yaliyochongwa, paa la vigae vyekundu, veranda pana, na sakafu ya vipande vya mbao za muhuhu vinavyopakwa nta na kusuguliwa mpaka vinang'aa. Nyingi ziko Karen, Lang'ata, Muthaiga na pembezoni mwa Westlands, ambako viwanja vilikuwa vikubwa na miti ikaachwa ikue. Giraffe Manor pale Lang'ata ndiyo inayojulikana zaidi: nyumba ya mwaka 1932 yenye vyumba 12 tu, ambapo twiga huingiza vichwa dirishani wakati wa kiamshakinywa.

Katikati ya jiji kuna majina mawili ya kale zaidi, Stanley na Norfolk. Stanley ilianza 1902, na Norfolk ilifungua milango Krismasi ya 1904, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka mitano tu tangu reli ifike hapa. Hizo leo ni hoteli kubwa, lakini mambo mengi utakayoyakuta katika hoteli ndogo yaliigwa kwao: chai ya saa kumi, bawabu mwenye sare mlangoni, viti vya veranda vinavyotazama barabara.

Nalipia nini ambacho sitakipata katika hoteli mpya ya ghorofa kumi na tano?

Unalipia kuangaliwa. Vitanda vizuri viko kila mahali siku hizi, na runinga ya hoteli mpya huenda ikawa kubwa kuliko ya hoteli ya zamani.

Ngoja nieleze kinachofanyika ukiwa hupo chumbani. Asubuhi, kabla zamu haijaanza, wafanyakazi hukusanyika na msimamizi akasoma majina ya wanaofika siku hiyo: nani anakuja na mtoto, nani hali nyama, nani alikuja mwaka jana akalalamikia mto. Jioni, jua linapozama, mhudumu wa vyumba huzunguka mlango kwa mlango. Anafunga mapazia, anaondoa kitandiko cha juu, anakunja pembe moja ya shuka ili iwe rahisi kuingia, anaweka glasi na chupa ya maji upande unaolala. Anajua ni upande upi kwa sababu asubuhi aliona mto upi ulibonyea. Kukiwa na baridi anaingiza chini ya blanketi chupa ya mpira yenye maji moto, iliyovalishwa kifuko cha sufu, pale miguu yako itakapofika. Kazi hiyo yote inachukua dakika chache, na ikifanywa vizuri hutamwona aliyeifanya. Katika hoteli ya vyumba mia tatu haiwezekani kumfanyia kila mtu hivyo. Katika nyumba ya vyumba ishirini, na wahudumu waliokaa kazini miaka mingi, inawezekana kila siku.

Mkenya wa kawaida hukaribishwa, au nyumba hizi ni za wageni wa ng'ambo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalielewa sana. Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia katika nyumba hizi kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi, dobi au mtunza bustani. Mnamo Machi 16, 1922, watu waliokusanyika kudai Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, aachiliwe walimiminiwa risasi nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, jirani na Norfolk, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao wakafyatua bunduki zao. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume shime wasirudi nyuma, aliuawa hapo. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku. Stanley nayo iko kwenye Mtaa wa Kimathi, na ukitoka mlangoni hutembei sana kabla ya kuifikia sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyozinduliwa 2007.

Nasimulia haya kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye pesa zao halali, wakisimama getini kama wanaomba ruhusa. Usiombe. Ingia kwa mlango wa mbele, salimia, taja jina lako. Zungumza Kiswahili ukipenda. Wafanyakazi wengi hufurahi na huduma huwa ya kirafiki zaidi. Ukiona mgeni aliyekuja baada yako anahudumiwa kabla yako, mwite meneja wa zamu umwambie wazi, bila kupandisha sauti. Hoteli inayojiheshimu itarekebisha papo hapo.

Na kama bado moyo unasita, anza na chai. Karibu hoteli zote hizi huuza chai na keki kwa wasiolala, ingawa zile ndogo zaidi huhitaji upige simu kwanza. Kaa saa moja kwenye veranda uone kama ni mahali unapopataka.

Bei inakwendaje?

Uliza maswali matatu kabla ya kulipa chochote. La kwanza: kuna bei ya raia au ya wakaazi wa Afrika Mashariki? Hoteli nyingi zinayo, na mara nyingi haionyeshwi kwenye mitandao ya kuhifadhi vyumba, kwa hiyo piga simu. Utaombwa kitambulisho ukifika. La pili: bei hiyo imejumlisha kodi? VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, kwa hiyo chumba cha shilingi 30,000 kabla ya kodi kinakuwa 35,400, na baadhi ya hoteli huongeza ada ya huduma juu yake. La tatu: ni kulala na kiamshakinywa tu, au na milo mingine? Hoteli za Karen na Lang'ata mara nyingi huuza vyote pamoja. Bei huonekana ya kutisha mpaka utambue kwamba chakula cha jioni na pengine hata vinywaji vimo ndani.

Aprili na Mei, mvua ya masika ikinyesha, ndiyo miezi ya bei nafuu. Kuanzia Julai, nyumbu wanapovuka Mara, wageni hujaa na bei hupanda. Hoteli za katikati ya jiji mara nyingi hupunguza mwisho wa wiki kwa sababu watu wa biashara wameondoka.

Nilipe kwa njia gani?

Kadi, benki au M-Pesa, yoyote. Kumbuka M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, jambo ambalo huwakwamisha wanaolipia familia nzima usiku wa mwisho. Hoteli nyingi huomba amana mapema. Soma masharti ya kurudishiwa pesa ukighairi.

Nichague mtaa upi?

Chagua kulingana na shughuli yako, kisha uzuri wa jengo ufuate. Foleni za Nairobi hazimsamehi mtu. Ukiwa na mkutano Upper Hill saa mbili asubuhi na umelala Karen, utaamka gizani na kukaa Barabara ya Ngong ukitazama taa nyekundu za magari. Mtu wa shughuli za mjini alale mjini au Westlands. Anayetaka kupumzika, kusoma kitabu chini ya mti na kwenda kuona Makumbusho ya Karen Blixen au Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, alale Karen au Lang'ata. Muthaiga na Gigiri zinafaa kwa anayependa kutembea asubuhi katika Msitu wa Karura.

Nitafikaje kutoka uwanja wa ndege au stesheni?

Kutoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 inakufikisha Westlands haraka hata saa ambazo Barabara ya Mombasa imeganda. Mwambie dereva mapema kwamba ada utalipa wewe, maana wengine huiepuka. Kwa Karen na Lang'ata, njia ya Southern Bypass ndiyo bora. Inapita kando ya mbuga, na ukikaa upande wa kushoto unaweza kuona wanyama.

Anayetoka Mombasa kwa treni ya usiku huingia stesheni ya Syokimau kabla hakujapambazuka. Hapo ndipo faida ya hoteli ndogo inaonekana. Ukipiga simu siku moja kabla ukaeleza saa yako ya kufika, utapata dereva mwenye jina lako mkononi, na mara nyingi mahali pa kuoga na kunywa chai hata kama chumba bado hakijawa tayari. Usipowaambia, utamkuta mlinzi wa usiku akihangaika kumtafuta mwenye funguo.

Kuna baridi kweli?

Kuna baridi, na watu wa Pwani hawaniamini mpaka wafike. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Nyumba za zamani zina dari za juu na madirisha ya mbao yanayopitisha upepo kidogo, kwa hiyo hubaki na ubaridi hata jua likiwaka nje.

Ndiyo maana zilijengwa zikiwa na sehemu ya kukokea moto. Uliza ukiwa bado unahifadhi: chumba kina moto wa kuni, au moto uko sebuleni tu? Kama ni chumbani, kuna mtu wa kuja kuukoka jioni? Usijaribu mwenyewe kama hujazoea. Dohani ikiwa na baridi moshi hurudi ndani. Mhudumu anayejua kazi yake huwasha kwanza gazeti moja, akalishikilia juu karibu na tundu la dohani mpaka hewa ianze kupanda, ndipo anagusa kuni za chini. Ukimwona anafanya hivyo, umepata hoteli yenye watu wa kazi.

Beba sweta. Na wenye pumzi fupi wasishangae wakihema kwenye ngazi siku ya kwanza, ni mwinuko.

Maji na stima je?

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na mgao ni jambo la kawaida mitaani. Hoteli nyingi za kiwango hiki zina kisima na matangi, pamoja na jenereta, kwa hiyo stima ikipotea utaona giza kwa sekunde chache tu. Kinachowashangaza wageni ni mabomba ya zamani: fungua mfereji wa maji moto na usubiri, maana maji yanatoka mbali. Usiite mtu kabla ya dakika mbili au tatu kupita.

Soketi ni za pini tatu za mraba, volti 240, kama za nyumbani. Shida ni kwamba vyumba vya kale vina chache. Ulizia kebo ya soketi nyingi mapokezini, watakuwa nayo.

Nitapata usingizi licha ya kelele?

Omba chumba cha nyuma, kinachotazama bustani. Chumba cha mbele kina veranda nzuri na pia kina matatu, pikipiki na honi tangu alfajiri. Katika nyumba za sakafu ya mbao, omba pia ghorofa ya juu, usije ukasikia hatua za watu kichwani. Karen kelele yako itakuwa ya ndege aina ya kwarara, wanaolia kwa nguvu jua likichomoza. Huyo hakuna meneja anayeweza kumnyamazisha.

Chakula ni cha kizungu tu?

Menyu iliyoandikwa huwa ya kizungu zaidi: supu, samaki wa maji baridi, nyama ya kuchoma kwenye oveni, pudini. Lakini jikoni kuna wapishi Wakenya wanaokula chakula chao kila siku, na hapa ndipo watu hupoteza bahati yao kwa kutouliza. Ugali, sukuma wiki, githeri, chapati, samaki wa kupaka: mwambie mhudumu asubuhi na utapikiwa jioni, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya menyu. Kwenye kiamshakinywa uliza nduma na viazi vitamu hata kama huvioni mezani.

Chai ya saa kumi usiikose. Majani yanatoka hapa karibu tu, Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Italetwa kwenye birika, maziwa kando. Ukitaka ya kuchemshwa pamoja na maziwa na tangawizi, sema hivyo, nao watakuletea bila kukushangaa. Anayependa yai la kuchemsha ajue kwamba kwenye mwinuko huu maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, kwa hiyo yai huchelewa kuiva. Omba dakika moja zaidi ya unayoomba nyumbani.

Kwa Waislamu: nyama halali ni rahisi kupata Nairobi, lakini thibitisha na mpishi mwenyewe. Katika hoteli ndogo atatoka jikoni kuja kuzungumza nawe.

Nivae nini?

Safi na nadhifu. Kitenge, kanzu, dera, shati lenye kola, vyote vinafaa. Wakati wa chakula cha jioni hoteli chache hukataa kaptura na malapa.

Bakshishi natoa kiasi gani, na nampa nani?

Hakuna sheria. Uliza kwanza kama bili ina ada ya huduma na kama kweli huwafikia wafanyakazi. Meneja hawezi kukasirika kwa swali hilo. Hoteli nyingi ndogo zina kisanduku kimoja mapokezini, na napendekeza ukitumie, kwa sababu hugawanywa hadi kwa dobi na mwosha vyombo ambao hutawaona kamwe. Anayebeba mizigo umpe mkononi. Mhudumu wa vyumba umwachie kwenye bahasha yenye jina lake, la sivyo hatagusa pesa alizozikuta mezani, akihofia kushukiwa.

Kinachozidi bakshishi ni jina. Wahudumu huwa na jina kifuani: lisome, ulitumie. Aliyekuzidi umri mwite mzee au mama, kama ungemwita kijijini kwenu. Na kabla ya kuondoka andika mistari miwili kwenye daftari la wageni ukimtaja aliyekusaidia. Wasimamizi husoma madaftari hayo, na nimeona watu wakipandishwa vyeo kwa sababu jina lao lilijirudia humo.

Naweza kuwaleta wazazi wazee au watoto wadogo?

Wazazi, ndiyo, na ningesema ndio wanaozifurahia zaidi. Ila nyingi hazina lifti, na bafu la zamani lina ukingo mrefu wa kuvuka. Omba chumba cha chini chenye shawa ya kuingia wima. Kwa watoto uliza umri unaokubaliwa. Baadhi ya nyumba hazipokei wadogo, hasa zenye mabwawa na wanyama bustanini.

Ndugu zangu wa Nairobi wanaweza kuja kuniona?

Wanaweza, na watapokelewa sebuleni au bustanini. Kumpeleka mtu chumbani ni jambo jingine: ataombwa kitambulisho na kuandikishwa, na akilala utalipia. Usiwaone wabaya walinzi. Wao ndio wanaojibu kitu kikipotea. Kama shangazi na binamu wanane wanakuja Jumapili, ijulishe jikoni Ijumaa ili meza ipangwe pamoja.

Ni salama kutembea nje?

Mchana, mitaa ya Karen, Muthaiga na katikati ya jiji hutembeleka, simu ikiwa mfukoni. Usiku chukua teksi hata kwa umbali mfupi, na mwombe bawabu akuitie au asubiri nawe mpaka gari uliloita kwa programu ya simu lifike.

Kitu kisiponiridhisha nifanye nini?

Sema siku hiyo hiyo. Wakenya wengi huvumilia, hulipa, kisha huandika malalamiko makali mtandaoni wakiwa nyumbani, wakati ambapo hakuna anayeweza kuwasaidia. Godoro limelegea, supu imekuja baridi, jirani anapiga muziki: mwambie meneja wa zamu usiku huo. Ana uwezo wa kukuhamisha chumba, kukupikia upya au kupunguza bili, na uwezo huo huisha ukishatoka getini. Ukishindwa kumpata, andika kikaratasi ukiache mapokezini ukiomba upigiwe simu chumbani.

Natoka saa nne asubuhi na safari yangu ni ya usiku. Nitakaa wapi?

Papo hapo. Acha mizigo mapokezini, upewe kibandiko chenye namba, nawe una ruhusa ya kukaa bustanini au sebuleni siku nzima. Uliza kama kuna chumba cha kuogea kwa wanaoondoka jioni. Hoteli nyingi zinacho na hazikitangazi. Kama chumba chako hakijahifadhiwa na mtu mwingine, wanaweza kukuachia hadi saa nane bila malipo, lakini liulize jambo hilo jioni ya kabla, maana asubuhi orodha ya kusafisha vyumba imeshagawiwa. Bili nayo iombe jioni hiyo hiyo, uikague mstari kwa mstari ukiwa umetulia, ili asubuhi ubaki na kazi ya kulipa na kuaga tu.